VeraCrypt: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ilikotoka na inavyofanya kazi

Wanaouliza maswali haya ni wahasibu wa SACCOS, mawakili, waandishi wa habari, na wanafunzi wanaozunguka na data za utafiti kwenye flashi. Pa kubonyeza wanapajua baada ya nusu saa. Kinachowakosesha usingizi ni kingine: nani aliitengeneza programu hii, na itakuwaje siku akiamua kuondoka? Wana haki ya kuuliza, na ndiyo maana historia imepata nafasi kubwa hapa kuliko mipangilio.

VeraCrypt ni nini?

Ni programu ya bure ya kusimba faili na diski, yaani kuzifunga zisisomeke bila nywila, kwenye Windows, macOS na Linux. Unatengeneza faili moja kubwa, tuliite kontena, unalipa nywila, na ukilifungua linajitokeza kwenye kompyuta kama diski nyingine. Chochote unachokiweka humo kinasimbwa kabla hakijaandikwa kwenye diski halisi. Ukilifunga, kinachobaki ni baiti zisizosomeka. Ukitaka, unaweza kusimba flashi nzima, au diski yote ya Windows, hata kompyuta isiwake bila nywila.

Ilianzia wapi?

Mizizi yake iko kwenye programu ya mwishoni mwa miaka ya 1990 iliyoitwa E4M. Aliyeiandika ni Paul Le Roux, mzaliwa wa Bulawayo aliyekulia Afrika Kusini, akaitoa bure pamoja na msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu hujengwa kutokana nayo. Februari 2004 watu ambao hawakutaja majina yao waliuchukua msimbo huo, wakaujenga zaidi na kuutoa kwa jina la TrueCrypt. SecurStar, kampuni ya Ujerumani ambayo Le Roux aliwahi kuifanyia kazi, ikalalamika kwamba mali yake imeibwa. Mradi ukasimama kwa miezi kadhaa, hadi toleo la 2.0 lilipotoka Juni mwaka huohuo.

Baada ya hapo TrueCrypt ilienea dunia nzima. Mwaka 2008 polisi wa Brazil walikamata diski za mwanabenki Daniel Dantas. Wataalamu wao walibahatisha nywila kwa miezi mitano, wakashindwa, wakaomba msaada wa FBI ya Marekani. FBI nayo ilikaa nazo mwaka mzima ikazirudisha zikiwa zimefungwa vilevile.

Le Roux mwenyewe alishika njia nyingine kabisa. Aligeuka kinara wa biashara ya dawa za kulevya na silaha, akakamatwa Liberia mwaka 2012, na mwaka 2020 mahakama ya New York ikamhukumu kifungo cha miaka 25.

Chombo kilichoanzishwa na mhalifu, kikaendelezwa na watu wasiojulikana. Tukiamini kwa lipi?

Kwa msimbo. Mtu anaweza kuwa na jina zuri na ofisi nzuri, na bado programu yake ikawa na mlango wa siri. Programu ikiwa imefungwa, mlango huo unajulikana na walioujenga tu. Msimbo ukiwa wazi, yeyote mwenye ujuzi na subira anaweza kuufikia na kuuonyesha kwa wengine. Ila lazima awepo anayeusoma, na hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Kuwa wazi hakumaanishi kuwa umesomwa. TrueCrypt ilitumika karibu miaka kumi bila ukaguzi wa hadharani ulioingia kwa kina katika msimbo wake wote.

Mambo yalibadilika mwaka 2013, baada ya Edward Snowden kufichua jinsi mashirika ya ujasusi yanavyopekua mawasiliano ya watu. Matthew Green, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na Kenneth White walianza kuchangisha fedha ili TrueCrypt ikaguliwe. Wakati huohuo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Concordia, Canada, alifanya kazi ambayo naithamini sana. Aliuchukua msimbo wa toleo la 7.1a, akaujenga mwenyewe kwa zana zilezile walizotumia watengenezaji, na akathibitisha kwamba programu ya Windows waliyokuwa wakiigawa inalingana na msimbo huo. Bila hatua hiyo unaweza kukagua msimbo mwaka mzima, kumbe watu wanapakua kitu kingine.

Sehemu ya kwanza ya ukaguzi, iliyofanywa na iSEC Partners, ilitoka Aprili 2014. Ya pili, ya NCC Group, ilitoka Aprili 2015. Mlango wa siri haukuonekana. Udhaifu ulikuwepo: kwa mfano, kwenye Windows, katika mazingira ya nadra, mfumo ukishindwa kuipa programu namba za nasibu (zisizotabirika), programu iliendelea kimyakimya kana kwamba imezipata. Hilo ni kosa zito kwa chombo cha aina hii, kwa sababu funguo zote zinatokana na namba hizo.

Na bado hayakuisha. Septemba 2015 James Forshaw wa Project Zero ya Google alikuta kasoro mbili kwenye draiva ya Windows, ambazo zingemwezesha mtu aliyekwisha kuingia kwenye kompyuta kujipa mamlaka ya msimamizi. Wakaguzi wote walikuwa wamezipita. Ndiyo maana mtu akiniambia programu fulani "imekaguliwa," huwa nauliza: lini, toleo gani, na sehemu ipi?

Nini kiliikuta TrueCrypt?

Tarehe 28 Mei 2014 tovuti yake iligeuka ghafla. Ukurasa ulionya kwamba TrueCrypt si salama kwa kuwa huenda ina kasoro ambazo hazijarekebishwa, ukasema uendelezaji umekoma baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows XP, na ukawaelekeza watu wahamie BitLocker, programu ya Microsoft yenyewe ya kusimba diski. Likatolewa toleo la 7.2 ambalo liliweza kufungua makontena ya zamani lakini si kutengeneza mapya. Watengenezaji hawakuaga zaidi ya hapo. Ikumbukwe kwamba sehemu ya kwanza ya ukaguzi ilikuwa imetoka mwezi mmoja tu kabla, na haikuwa na habari mbaya kiasi hicho.

Kila mtu ana nadharia yake kuhusu sababu. Kwangu la muhimu zaidi ni kilichofuata: msimbo ulibaki mikononi mwa watu. Kampuni ikifunga programu iliyofungwa, wateja wanabaki na kumbukumbu. Hapa wenye mradi walitoweka, na kazi haikukatika hata siku moja, kwa sababu kuna mtu alikuwa ameshaianza mwaka mmoja nyuma.

Huyo ndiye aliyetengeneza VeraCrypt?

Ndiye. Mounir Idrassi, mtaalamu wa usimbaji aliyekuwa na kampuni ya IDRIX nchini Ufaransa, alitoa toleo la kwanza Juni 2013. Alikuwa ameupitia msimbo wa TrueCrypt na hakuridhishwa na namna nywila inavyogeuzwa kuwa ufunguo. Nywila haitumiki kama ilivyo: inasagwa pamoja na namba za nasibu, tena na tena, ili anayebahatisha alazimike kurudia usagaji wote huo kwa kila jaribio. TrueCrypt ilisaga mara 1,000 au 2,000 tu. Mwaka 2004 hiyo ilitosha. Kwa kadi za michoro za leo, zinazojaribu nywila kwa kasi ya kutisha, ni kidogo mno. VeraCrypt ilipandisha hadi mara 500,000 kwa kontena la kawaida linalotumia hashi (njia ya kusaga) ya SHA-512, na mara 655,331 kwa lililotumia RIPEMD-160.

Mabadiliko mengine yalikuja polepole. Kasoro mbili za Forshaw zilizibwa kwenye toleo la 1.15. Mwaka 2016 toleo la 1.18 liliwezesha kusimba diski ya Windows kwenye kompyuta za UEFI (mfumo mpya wa kuwasha kompyuta), jambo ambalo TrueCrypt haikuwahi kulifikia.

Mbona kontena langu linachelewa kufunguka?

Kwa sababu ya huo usagaji. Ila mara nyingi sehemu kubwa ya muda unaipoteza bure. Kontena haliandiki popote kwamba limetumia hashi gani, kwa hiyo programu inazijaribu zote, moja baada ya nyingine, na kila moja ina usagaji wake. Kwenye dirisha la nywila, chagua hashi uliyotumia ulipolitengeneza (kwa wengi ni SHA-512) badala ya kuiacha programu itafute. Utaona tofauti palepale.

Kuna pia namba iitwayo PIM. Ndiyo inayopanga usagaji urudiwe mara ngapi: kwa kontena la kawaida ni 15,000, ukijumlisha na PIM iliyozidishwa kwa 1,000. PIM ya kawaida ni 485, ndiyo inayoleta zile 500,000. Unaweza kuipunguza kama nywila yako ina herufi 20 au zaidi. Chini ya hapo programu inakataa, na inafanya vizuri kukataa. Ukiibadilisha, ikariri kama unavyokariri nywila, maana bila namba hiyo kontena halifunguki.

Ndani ya kontena kuna nini hasa?

Baiti 64 za mwanzo ni chumvi: namba za nasibu zinazochanganywa na nywila yako ili watu wawili wenye nywila moja wasipate ufunguo mmoja. Baada ya hapo kila kitu kimesimbwa. Programu ikishasaga nywila na chumvi, inajaribu kusimbua sehemu inayofuata. Ikikuta herufi nne V, E, R, A mahali pake, na hesabu za uhakiki zikakubali, inajua nywila ni sahihi. Zisipokuwepo, inajaribu mchanganyiko mwingine wa hashi na algoriti (njia ya kusimba), AES, Serpent, Twofish, Camellia au Kuznyechik, hadi iishiwe. Ndipo unapoona ule ujumbe wa nywila isiyo sahihi. Programu yenyewe haiwezi kutofautisha kati ya nywila mbovu na faili ambalo si kontena kabisa.

Sehemu hii ya mwanzo wa kontena inaitwa kichwa, na humohumo umo ufunguo mkuu, ule unaosimba faili zako. Nywila yako inafungua kichwa, kichwa kinatoa ufunguo mkuu. Elewa mpangilio huu, maana maswali mawili yanayofuata yanatokana nao.

Nimebadilisha nywila ya kontena la giga 200 na imechukua sekunde chache. Kweli imebadilika?

Imebadilika, lakini soma hapa kwa makini. Kilichoandikwa upya ni kichwa tu. Ufunguo mkuu ni uleule. Mtu aliyewahi kunakili kontena lako zamani, na anaijua nywila ya zamani, anaweza kukirudisha kile kichwa cha zamani na kufungua hata faili ulizoweka baadaye. Kama mhasibu ameondoka ofisini akiwa anaijua nywila, usibadilishe nywila ukalala usingizi. Tengeneza kontena jipya, hamishia faili humo, futa la zamani.

Nimesahau nywila. Mnaweza kunisaidia?

Hapana. Hakuna anayeweza, hata Idrassi. Anayekutoza pesa kwa ahadi kwamba "ataivunja" atabahatisha nywila kama ambavyo ungebahatisha mwenyewe. Unachoweza kufanya ni kuorodhesha mazoea yako: majina uliyozoea, miaka, herufi kubwa unazopenda kuanzia, halafu ujaribu.

Kama nywila unaikumbuka vizuri lakini flashi ilichomolewa vibaya na kontena halifunguki, hapo lipo tumaini. Nakala ya kichwa huwekwa mwishoni mwa kontena, na kwenye menyu ya zana kuna sehemu ya kukirejesha. Na ungali na muda leo, hifadhi kichwa hicho kwenye faili tofauti, mahali tofauti.

Naweza kutumia picha au wimbo kama faili ufunguo?

Unaweza. Programu inasoma megabaiti moja ya mwanzo ya faili lolote na kuichanganya na nywila. Hatari ni kwamba ikibadilika hata baiti moja katika sehemu hiyo, kontena halifunguki. Picha ukiituma kwa WhatsApp inabanwa, na inayofika upande wa pili si faili lilelile hata kama kwa macho ni ileile. Wimbo nao ukisahihishiwa jina la msanii kwenye simu umeshabadilika. Heri uiache VeraCrypt ikutengenezee faili ufunguo la nasibu, uweke nakala mbili.

Kontena la siri ndani ya kontena linanilinda nikilazimishwa kutoa nywila?

Kwa kiasi. Kontena la nje lina nywila yake na faili za kuonyesha. La ndani limejificha kwenye nafasi tupu, na kwa kuwa nafasi tupu imejazwa nasibu, kulitofautisha kwa kutazama kontena lenyewe haiwezekani. Lakini kompyuta ina mdomo mpana: orodha ya faili ulizofungua karibuni, picha ndogondogo zinazohifadhiwa na mfumo, nakala za siku tofauti zinazoonyesha nafasi "tupu" ikibadilika. Na anayekulazimisha akijua VeraCrypt ina uwezo huo, anaweza asikuamini hata ukiwa mkweli. Mwandishi au mtetezi wa haki anayekabiliwa na hatari ya namna hii asitegemee mbinu hii peke yake. Bora asibebe faili hizo kabisa.

Nikiwa nayo, niko salama?

Uko salama flashi ikipotea kwenye daladala au kompyuta ikiibwa ikiwa imezimwa. Kontena likiwa wazi, kila programu kwenye kompyuta inaona kilichomo, virusi vikiwemo. Kompyuta iliyolazwa tu bila kuzimwa bado ina funguo kwenye kumbukumbu yake. Na faili ulilokuwa nalo kwenye diski ya SSD kabla ya kulisimba linaweza kuacha mabaki ambayo kulifuta hakuyaondoi, kwa hiyo simba diski kabla ya kuanza kuweka siri.

Naweza kufungua kontena langu stesheneri ninapokwenda kuchapa?

Usifanye hivyo. Kwanza Windows itataka ruhusa ya msimamizi, ambayo huna. Pili, hata ukipewa, hujui ni nini kinarekodi unachoandika kwenye kibodi ile. Nenda na faili moja tu unalotaka kuchapa, kwenye flashi nyingine.

Nimeshindwa kutengeneza kontena la zaidi ya giga 4 kwenye flashi.

Flashi yako iko kwenye FAT32, ambayo haikubali faili la ukubwa huo. Ifomati upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo.

VeraCrypt yenyewe imekaguliwa?

Ndiyo. Mwaka 2016 kampuni ya Ufaransa, Quarkslab, ilikagua toleo la 1.18 kwa fedha zilizokusanywa na OSTIF, mfuko wa kuboresha programu huria. Waliripoti kasoro 8 nzito, 3 za kati na 15 ndogo. Maktaba ya zamani ya kubana faili ilitupwa ikawekwa nyingine. Algoriti ya Kirusi ya GOST 28147-89 ikaondolewa kwa makontena mapya. Na kwenye uwashaji wa UEFI nywila ilikuwa haifutwi ipasavyo kwenye kumbukumbu. Nyingi kati ya hizo zilirekebishwa kwenye toleo la 1.19, lililotoka Oktoba pamoja na ripoti. Baadhi zilihitaji kazi kubwa zaidi zikasubiri, nayo ripoti ikasema hivyo.

Mwaka 2020 taasisi ya Fraunhofer SIT iliichunguza tena kwa niaba ya BSI, ofisi ya Ujerumani ya usalama wa mitandao. Haikukuta udhaifu mkubwa wa kiusalama, lakini ilinyoosha kidole kwenye namna mradi unavyoendeshwa: msimbo mwingi ni urithi wa TrueCrypt, na kazi kubwa inabebwa na mtu mmoja. Hilo la mwisho ndilo linalonipa wasiwasi kuliko algoriti yoyote. Mamilioni ya faili za watu zinategemea jioni na wikiendi za wachache.

Ni chanzo huria kweli?

Msimbo uko wazi, unaweza kuusoma, kuubadilisha na kuujenga. Utata uko kwenye leseni. Kazi mpya ya Idrassi iko chini ya Apache 2.0, lakini sehemu zilizorithiwa bado zinabanwa na leseni ya TrueCrypt, ambayo Fedora na Debian, miradi inayosambaza Linux, ziliikataa kwa masharti yake. Wanaosema "huria" kwa maana kali wana hoja.

Nataka tu kumtumia mwenzangu faili moja. Au kuhifadhi kwenye Google Drive.

VeraCrypt haikutengenezwa kwa hayo. Kwa faili moja tumia age, chombo kidogo kilichobuniwa na Filippo Valsorda na Ben Cox mwaka 2019: mwenzako anakupa ufunguo wake wa hadharani, unasimba, unatuma, hamna haja ya kupeana nywila. Kwa hifadhi ya mtandaoni tumia Cryptomator, inayosimba kila faili peke yake. Kontena la giga 50 lina kasoro moja kubwa huko: ukigusa barua moja ndani yake, faili zima limebadilika, na bando lako linaweza kuisha kwa kulipandisha upya.

Sheria inasemaje?

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaja usimbaji miongoni mwa hatua za kulinda taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukiwa na majina na madeni ya wanachama kwenye laptopu, jukumu la kuyalinda ni lako. Ukisafiri, fahamu kwamba nchi zinatofautiana: Uingereza, kukataa amri halali ya kutoa nywila ni kosa la jinai linaloweza kukufunga.

Nina kontena la TrueCrypt la zamani, na VeraCrypt mpya hailifungui.

Kuanzia toleo la 1.26 la mwaka 2023 uwezo huo umeondolewa. Pakua 1.25.9, ambalo ndilo la mwisho kulikubali, weka alama kwenye kisanduku cha TrueCrypt unapoandika nywila, kisha hamishia faili kwenye kontena jipya. Ukishamaliza, weka toleo la sasa.

Mimi si mtaalamu wa kuandika programu. Naweza kuchangia nini?

Mengi. Maneno yote ya menyu na maonyo yako kwenye faili za XML katika folda ya tafsiri, moja kwa kila lugha. Linafunguka kwa kihariri chochote cha maandishi. Unaweza kuripoti hitilafu ukiandika toleo la programu, mfumo wako, na hatua ulizopitia hadi ikatokea. Unaweza kuchangia fedha. Na kila unapopakua toleo jipya, hakiki saini yake ya PGP, alama ya kidijitali inayoonyesha limetoka kwa wenye mradi, kabla ya kulisakinisha. Ikikataa, usisakinishe, waarifu wenye mradi siku hiyohiyo.